Kutoka uji hadi tonge: mwongozo kamili wa kujua lini mtoto yuko tayari kwa chakula chenye mabonge

Mtoto wa miezi 10 anayemaliza bakuli la uji uliosagwa na kuchujwa, lakini akipewa kijiko cha wali anakokomoka na kutema kila kitu, si mtoto mkorofi, na mara nyingi si mgonjwa. Ni mtoto ambaye kinywa chake hakijapewa kazi. Wengi wetu tunajua namna ya kuanza: miezi 6 ya maziwa ya mama pekee, kisha chakula cha kulikiza. Hatua inayofuata ndiyo inayotushinda. Uji umekubalika, mtoto analala vizuri, blenda iko tayari jikoni, basi wiki zinapita na miezi inaingia huku chakula ni kilekile laini cha siku ya kwanza.

Mwongozo huu ni wa hatua hiyo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usihesabu meno, na usitegemee umri peke yake. Tazama mkao wa mtoto, mikono yake, na hasa kinywa chake kinavyofanya kazi akiwa na chakula ndani. Umri ni wa kukukumbusha kwamba wakati wa kutazama umefika.

Kwa nini tusikae sana kwenye uji laini

Mapendekezo yanayofuatwa na Shirika la Afya Duniani yanakwenda hivi: kuanzia miezi 6 mtoto anaweza kula chakula kilichopondwa na kizito, akifika miezi 8 watoto wengi wanaweza kushika vipande laini na kujilisha, akifika miezi 12 wengi wanaweza kula kile kinacholiwa na familia, kikiwa kimelainishwa na kukatwa inavyofaa. Maziwa ya mama yanaendelea hadi miaka 2 na zaidi.

Kuna utafiti mkubwa uliofuatilia watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika eneo la Bristol, Uingereza. Watoto ambao hawakupewa chakula chenye mabonge hadi baada ya miezi 10 walikuwa wagumu zaidi kulishwa walipofika miezi 15. Walipotazamwa tena wakiwa na miaka 7, wale waliokuwa wamechelewa kuanzishiwa walikula matunda na mboga kidogo kuliko wenzao, na wazazi wao walieleza shida nyingi zaidi za ulaji. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikoleta yote hayo, maana huenda baadhi ya watoto walicheleweshwa kwa sababu walikuwa wagumu kula tangu mwanzo. Hata hivyo unakubaliana na tunachokiona majumbani: kati ya miezi 6 na 10 mtoto hupokea mapya kwa urahisi, na baadaye anaanza kuyakataa.

Sababu ya pili ni tumbo. Tumbo la mtoto linachukua takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anajaa kwa mililita 240 hivi, kiasi cha kikombe kimoja. Ukilijaza kwa uji mwepesi wa sembe, umelijaza maji. Uji wa namna hiyo una nguvu kidogo kuliko hata maziwa ya mama unayoyaondolea nafasi. Mtoto anayenyonya anahitaji kupata kutoka kwenye chakula kilokalori kama 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kama 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na kama 550 akivuka mwaka. Kiasi hicho hakifikiwi kwa chakula kinachopita kwenye tundu la chuchu ya chupa. Uzito wa chakula na lishe yake vinakwenda pamoja: akiweza kutafuna maini, dagaa, yai na maharage, anapata madini ya chuma ambayo akiba aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana ifikapo miezi 6.

Unachotazama kabla ya kubadilisha chakula

Anza na mkao. Mtoto akae wima, kichwa na shingo vikiwa imara, akisaidiwa kidogo tu kiunoni au asisaidiwe kabisa. Mtoto anayeporomoka upande mmoja kila dakika anatumia nguvu zake zote kujizuia asianguke, na kinywa hakiwezi kufanya kazi vizuri juu ya mwili unaoyumba. Huyo mpe wiki moja au mbili zaidi, huku akiendelea na chakula kizito kilicholainishwa.

Kisha tazama ulimi. Mtoto mchanga ana tabia ya asili ya kusukuma nje chochote kigumu kinachogusa ulimi. Tabia hiyo inafifia kuelekea miezi 6. Ukimpa uji mzito na nusu yake ikarudi kidevuni kila kijiko, bado hajaiacha. Ukiona anafunga midomo kwenye kijiko, anakikomba, na kinachorudi ni kidogo, amevuka.

Dalili ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, na watu wengi hawaijui. Mkalie mbele, uso kwa uso, kwenye mwanga mzuri. Mpe kiazi kitamu kilichopondwa na uangalie taya na pembe za mdomo. Mwanzoni taya linapanda na kushuka tu, na ulimi unakwenda mbele na nyuma kama anaponyonya. Siku moja, kwa wengi kati ya miezi 7 na 9, utaona pembe moja ya mdomo inavutwa upande, kulia au kushoto, na shavu la upande huo linatikisika. Hapo ulimi umejifunza kuchukua chakula kutoka katikati na kukipeleka pembeni, kwenye fizi, kikasagwe. Ulimi unaokwenda pembeni ndio unaoyaweza mabonge. Ili kuuchokoza ujifunze, weka chakula kidogo kwa ncha ya kijiko ndani ya shavu badala ya katikati ya ulimi, mara upande huu, mara ule.

Mwisho ni mikono. Miezi 6 hivi mtoto anashika kitu kwa kiganja kizima. Ifikapo miezi 9 wengi wanaokota punje kwa kidole gumba na cha shahada. Mkono wa kwanza unataka kipande kirefu kinachochomoza juu ya ngumi. Mkono wa pili unaweza vipande vidogo. Mtoto anayenyang'anya kijiko au kuingiza mkono kwenye sahani yako anakuambia jambo, msikilize.

Kama mtoto alizaliwa njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa unapopima mambo haya, na zungumza na wahudumu wanaomfuatilia.

Suala la meno

"Mwanangu, mtoto hana hata jino moja, mnampa samaki wa nini?" Bibi wa mtoto akiuliza hivyo anauliza kwa upendo, naye anastahili jibu. Meno ya mbele, ambayo kwa wengi yanaanza kuota karibu na miezi 6, kazi yake ni kukata. Ya kusagia, yaani magego, huanza kutoka baada ya mwaka. Tukiyasubiri, mtoto atakula uji hadi aanze kutembea. Fizi zake ni ngumu kuliko tunavyodhani. Aliyewahi kuumwa na mtoto asiye na meno wakati wa kunyonyesha anajua. Chakula kinachopondeka ukikibana kwa kidole gumba na cha shahada bila kutumia nguvu, fizi zitakiponda pia. Mpe bibi kipande cha boga lililoiva akibane mwenyewe. "Shikamoo mama, hebu libane uone" inamaliza mjadala kuliko maelezo mengi.

Kukokomoka si kusakamwa

Hofu ya mtoto kusakamwa ndiyo inayowarudisha wazazi wengi kwenye blenda, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Mtoto wa miezi 6 hadi 9 anakokomoka kirahisi kwa sababu sehemu ya ulimi inayoamsha hali hiyo iko mbele zaidi kuliko kwa mtu mzima. Inarudi nyuma taratibu kadiri anavyozoea mabonge. Anapokokomoka, kinywa kinafunguka, ulimi unatoka, uso unaweza kuwa mwekundu, macho yanalengwa na machozi, na kuna sauti: anakohoa au anatoa mlio. Bonge linarudi mbele, analitema au analitafuna tena. Huo ni ulinzi wake unafanya kazi. Wewe kaa naye, tulia, usimrukie wala kumwingizia kidole. Ukipiga kelele anajifunza kwamba chakula ni hatari.

Kusakamwa ni kimya. Hawezi kulia, hawezi kukohoa kwa nguvu, hewa haipiti au inapita kwa shida, midomo inaanza kuwa ya bluu au kijivu. Hapo unafanya hivi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja:

1. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ulioegemea paja, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukishikilia taya bila kubana koo. Mpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega, mara 5.
2. Kama hakijatoka, mgeuze chali, kichwa bado kikiwa chini. Mkandamize katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5.
3. Rudia hayo mawili hadi kitu kitoke, alie, au akohoe kwa nguvu. Mtu mwingine atafute msaada na usafiri wakati huohuo.

Usimkandamize tumbo mtoto wa umri huo, na usiingize kidole kutafuta usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi. Akipoteza fahamu, anayejua kukandamiza kifua na kupuliza pumzi aanze mara moja huku mnakwenda hospitali. Kila anayemlisha mtoto, awe baba, bibi au dada wa nyumbani, afundishwe hili kwa vitendo kabla ya kipande cha kwanza kuliwa. Kliniki nyingi watakuonyesha ukiomba.

Na kuna vitu havifai hata kama mtoto anaonekana hodari: karanga na korosho nzima, bisi, punje za mahindi ya kuchemsha, pipi, karoti mbichi, muwa, zabibu nzima, soseji iliyokatwa vipande vya mviringo, nyama yenye nyuzi ndefu, samaki ambaye miiba yake haijapekuliwa kwa vidole, na matunda yenye mbegu za kuteleza kama zambarau. Karanga zisagwe ziwe laini na kuchanganywa ndani ya chakula. Zikibaki bonge nene la siagi ya karanga zinanata kooni. Asali ni marufuku hadi mwaka mmoja kwa sababu nyingine kabisa: inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu inayolegeza misuli ya watoto wadogo (botulism, si polio).

Hatua ya kwanza: uzito kabla ya mabonge (kuanzia miezi 6)

Usiruke kutoka uji mwepesi hadi wali. Kwanza fanya chakula kiwe kizito. Kipimo ni kijiko: inamisha kijiko chenye uji, ukimwagika kama maji, ni mwepesi mno, ukibaki kijikoni na kudondoka taratibu, uko sawa. Anza na vijiko vikubwa 2 au 3 kwa mlo, milo 2 kwa siku, kisha ongeza hadi nusu kikombe na milo 3.

Ponda kwa mwiko au uma, achana na blenda kadiri unavyoweza. Boga, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, ndizi, parachichi, vyote vinapondeka bila mashine, na mkono unaacha vijichembe ambavyo blenda inavifuta. Vijichembe hivyo ndivyo somo la kwanza. Maini ya kuku yaliyoiva vizuri yanapondeka pia; dagaa waliooshwa na kukaushwa wanatwangwa unga.

Hapa niseme neno juu ya unga wa lishe. Kuchanganya nafaka 7 au 8 pamoja hakumfanyi mtoto awe na afya zaidi. Ni wanga juu ya wanga, na akidhurika huwezi kujua ni kipi kilichomdhuru. Nafaka moja, jamii ya kunde au karanga, kisha mboga au kitu kitokanacho na mnyama wakati wa kupika, inatosha. Karanga na mahindi yachambuliwe, yaliyosinyaa, kubadilika rangi au kuota ukungu yatupwe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haionekani wala haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya.

Kama mtoto ni mgonjwa au anakataa uji mzito, unga wa kimea cha ulezi unasaidia. Pika uji mzito, utoe motoni upoe kidogo, changanya kijiko kimoja cha chai cha kimea, na baada ya dakika chache unalegea bila kuongezewa maji. Urudishe motoni uchemke tena. Unapata uji unaonyweka wenye nguvu za uji mzito. Ni wa siku za ugonjwa. Akipona mrudishe kwenye chakula cha kuponda.

Hatua ya pili: mabonge laini ndani ya chakula kizito (kwa wengi miezi 7 hadi 9)

Ukishaona ulimi unakwenda pembeni, au hata ukiona amezoea chakula kizito kwa wiki 2 au 3 na anameza bila shida, anza kuacha mabonge madogo. Kanuni ninayoishikilia ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Chakula anachokijua, umbo jipya. Au chakula kipya, umbo analolijua. Viazi alivyovizoea leo vipondwe nusu badala ya kupondwa vyote. Samaki wa kwanza aingie ndani ya mchanganyiko laini.

Mabonge yawe yale yanayopondeka kwa ulimi, na yawe ndani ya kitu kizito. Chakula kigumu kuliko vyote kwa mtoto anayejifunza ni mchuzi mwepesi wenye vipande: maji yanakimbilia kooni huku vipande vimebaki mdomoni, na kinywa hakijui kifanye kipi kwanza. Ndiyo maana mtoto huyohuyo anayepaliwa na supu ya viazi anakula mtori wa ndizi bila tatizo. Mtori uliopondwa kwa mwiko, wenye nyama iliyosagwa au kutwangwa, ni chakula bora cha hatua hii. Wachaga wanajua walichokifanya. Pwani kuna mashendea, wali uliopikwa kwa maji mengi hadi ukalegea, ukiwekewa tui kidogo na samaki aliyenyambuliwa. Mseto wa mchele na choroko ulioiva sana uko hapohapo. Maharage yalowekwe, yaive, yapondwe, na kwa mwanzo uondoe maganda.

Mkalishe wima, wewe ukiwa mbele yake. Mlo wa kwanza wenye mabonge uwe asubuhi au mchana anapokuwa macho na ana njaa ya kiasi; jioni amechoka. Kijiko kiende tambarare, kisubiri afungue mdomo. Vijiko 3 au 4 vya chakula kipya mwanzoni mwa mlo, kisha malizia na kile alichozoea. Siku 3 au 4 mfululizo hivyo, kisha ongeza. Ndani ya wiki 2 watoto wengi wanakuwa wamehama.

Kumshika pua au kumlaza chali mapajani na kumwagia chakula kwa kiganja ni hatari kwa njia ya hewa, na kunamfundisha kuogopa kijiko. Akigeuza uso, pumzika. Akigeuza tena, mlo umekwisha.

Hatua ya tatu: vipande vya kushika (miezi 8 na kuendelea)

Mpe kitu mkononi wakati wewe unaendelea na kijiko. Kipande cha parachichi au embe lililoiva kirefu kama kidole chako, kiazi kilichochemshwa, ndizi mbivu iliyoachiwa ganda kidogo chini isiteleze, yai la kuchemsha lililoiva kabisa likakatwa vipande virefu. Ugali uwe laini, na tonge ulibonyeze liwe bapa na dogo. Tonge la duara lenye kunata linaweza kuziba. Mkate mweupe mbichi unageuka donge kwenye kaakaa, heri uuchome kidogo. Chapati laini ikatwe vipande vyembamba.

Atachafua. Atasugua boga kichwani na kudondosha nusu. Tandika kanga ya zamani chini na umwache, kwa sababu vidole vinajifunza ugumu wa chakula kabla ya kinywa.

Hapa milo inakuwa 3 hadi 4 kwa siku, kiasi cha nusu kikombe na kuzidi kidogo, kukiwa na yai, samaki, nyama au maini kila siku inapowezekana, na matunda au mboga kila siku. Mboga za majani zikatwe ndogondogo sana kabla ya kupikwa. Mchicha mrefu unabaki kama uzi, nusu imemezwa na nusu iko mdomoni. Chumvi na sukari hazihitajiki. Chai usimpe, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma.

Chanjo ya surua ya miezi 9, Tanzania na Kenya pia, ni kituo kizuri cha kujipima. Siku unayompeleka, jiulize: je, anakula angalau chakula kimoja chenye mabonge kila siku? Kama jibu ni hapana, anza wiki hiyohiyo, na mwambie muuguzi.

Anayebaki na mtoto

Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, Kenya miezi 3. Maana yake ni kwamba hatua zote hizi zinatokea wakati mama wengi wameshamrudia mwajiri, na anayeshika kijiko ni dada, bibi au mlezi wa kituo. Ukimwambia "mpe chakula kizito" hujamwambia kitu. Mwonyeshe. Mwishoni mwa wiki mlisheni pamoja mtoto, yeye akiponda, wewe ukitazama; kisha mbadilishane. Mwachie mlo mmoja tu wa mabonge kwa siku mwanzoni, ule wa saa nne asubuhi, na umwambie wazi kwamba mtoto akibakiza chakula hutamlaumu. Dada anayeogopa kugombezwa atasaga kila kitu, kwa sababu bakuli tupu ndilo analoonyesha jioni.

Chakula kisikae kwenye chupa ya chai tangu alfajiri hadi mchana. Kikipoa na kuwa vuguvugu humo, vijidudu vinazaliana. Heri kupika kiasi cha mlo mmoja, au kuacha viungo vilivyochemshwa kwenye jokofu kama lipo na kupasha hadi vichemke. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa 2, hasa kwenye joto la kwetu, kisitumike. Mikono ya mtoto ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula, maana sasa inaingia mdomoni pamoja na chakula.

Yanayotokea njiani

Anatema bonge na kumeza laini. Anachuja, jambo la kawaida wiki ya kwanza. Yafanye mabonge yawe madogo zaidi lakini yasambae, na uendelee. Usirudi kwenye blenda.

Anakataa ladha fulani kabisa. Mpe tena baada ya siku chache, kidogo, bila kulazimisha. Mara 8 hadi 10, au zaidi, ndipo wengine wanakubali.

Maganda ya maharage na vipande vya karoti vinaonekana kwenye choo. Ni kawaida. Choo kikiwa kigumu, ongeza papai, maziwa ya mama na maji safi yaliyochemshwa.

Meno yanaota au ana mafua. Mruhusu arudi nyuma kwa siku chache kwenye chakula laini, kisha urejee ulipoishia. Kosa ni siku chache hizo kugeuka mwezi.

Midomo imevimba, vipele vimetoka mwilini ghafla au anapumua kwa shida baada ya kula yai, karanga au samaki: hospitali mara moja.

Wakati wa kumpeleka kliniki

Kuchelewa kidogo si ugonjwa, na watoto wa tumbo moja hutofautiana. Lakini mpeleke bila kusubiri tarehe ya kadi ukiona anakohoa au kupaliwa karibu kila mlo, sauti yake inasikika kama ina majimaji kooni baada ya kula, chakula kinatokea puani, mlo mmoja unazidi nusu saa siku zote, au anaugua kichomi (nimonia) mara kwa mara. Vivyo hivyo kama ana miezi 9 na hawezi kukaa, ana miezi 10 na umejaribu wiki kadhaa lakini hapokei bonge lolote, ameacha jambo alilokuwa akiliweza, au mstari wa uzito kwenye kadi umelala au unashuka. Watoto wenye mtindio wa ubongo au kaakaa lililopasuka wanahitaji mkao na aina ya chakula vilivyopangwa na mtaalamu. Ratiba ya hapo juu isitumike kwao bila ushauri.

Ukienda, beba kadi au kitabu cha kliniki, pamoja na chakula anachokikataa na kijiko chake. Ukiweza, mrekodi kwa simu akila mlo mmoja wa kawaida nyumbani, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kamera ikimtazama usoni. Ugenini watoto wengi hugoma kula, na dakika 3 za picha hizo zitamwonyesha muuguzi ulimi, taya na mkao.